Adhabu ya kifo: Kanisa limebadili mafundisho au limeyakuza? Mkatekumeni wangu kanibana

#1 Katekista wa Jioni

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu.

Nafundisha wakatekumeni watu wazima. Juzi tulifika amri ya tano, usiue, nikawasomea Katekisimu (kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa Katoliki) namba 2267: adhabu ya kifo haikubaliki kwa kuwa inashambulia utu na hadhi ya mtu, na Kanisa linajibidiisha ifutwe duniani kote. Kijana mmoja akanyoosha mkono. Anayo Katekisimu aliyoachiwa na marehemu babu yake. Akasoma namba hiyohiyo kutoka kitabu cha babu: mapokeo ya Kanisa hayakatazi adhabu ya kifo, ikiwa ndiyo njia pekee iwezekanayo ya kulinda uhai wa watu dhidi ya mvamizi dhalimu. Akafunga kitabu. "Mwalimu, babu alidanganywa, au nadanganywa mimi?"

Nikamjibu kwamba nyakati zimebadilika. Nilimwona usoni hakuridhika, na mwenyewe sikuridhika. Huyu anabatizwa Pasaka. Ninavyomsoma, anataka kujua kama nyumba anayohamia ina msingi.

Naombeni majibu ya waliosoma na walioyaishi. Matusi kwa Papa yeyote, aliye hai au marehemu, tafadhali yabaki nje ya uzi.

#2 Mtumishi77

Milele amina. Jibu fupi: yamebadilishwa, na kijana wako ana haki ya kushangaa.

Mwanzo 9:6, amwagaye damu ya mtu, damu yake itamwagwa na mtu. Warumi 13:4, mtawala hauchukui upanga bure. Mtakatifu Thoma wa Akwino alimfananisha mhalifu wa hatari na kiungo kilichooza kinachokatwa ili mwili upone. Papa Inosenti III, mwanzoni mwa karne ya 13, aliwataka Wavaldensi, kundi lililokuwa limejitenga, waliokuwa wanarudi Kanisani wakiri kwamba serikali yaweza kutoa hukumu ya damu bila dhambi ya mauti. Lilikuwa sharti la kurudi kundini! Leo mtu akikiri vilevile anatazamwa kama mkorofi.

Sisemi Papa Fransisko alikuwa na nia mbaya. Nasema kugeuka tusikuite kukua.

#3 Binti Sayuni

Nimeketi, nasoma. Hilo swali la babu limenichoma.

#4 Frateri Mnyenyekevu

Mtumishi77, umenukuu nusu. Inosenti III aliweka masharti palepale: adhabu itolewe kwa hukumu na si kwa chuki, kwa kupima na si kwa pupa. Na kusema "yaweza bila dhambi ya mauti" ni kuacha mlango bila kufuli. Hakuna aliyeamriwa kuupita.

Katekista, nikusahihishie jambo moja litakalokusaidia darasani. Kitabu cha babu ni toleo la 1997. Katekisimu ya kwanza, ya 1992, ilikuwa imefungua mlango zaidi: namba 2266 ilitambua haki ya serikali kutoa adhabu zinazolingana na uzito wa kosa, bila kuiondoa ile ya kifo kwa makosa mazito kupindukia. Tarehe 25 Machi 1995 Papa Yohane Paulo II akatoa waraka wa Evangelium Vitae. Katika namba 56 akasema hali za kulazimu kumuua mhalifu ni adimu mno, kama hata zipo. Toleo la 1997 likarekebishwa lifuate waraka huo. Agosti 2018 Fransisko akaandikisha namba 2267 upya.

Kwa hiyo ndani ya miaka 26 mafundisho hayo yameandikwa mara tatu, na kila mara yamesogea upande uleule. Mwambie kijana kwamba hata kitabu cha babu kilishaondoka kituoni.

#5 Mzee wa Kumbukumbu

Wanangu, mnabishana kwa vitabu. Acha nilete yaliyotendeka.

Mapapa walipokuwa watawala wa nchi walikuwa na mnyongaji wao. Giovanni Battista Bugatti, aliyeitwa Mastro Titta, aliifanya kazi hiyo kuanzia 1796 hadi 1864 na hesabu yake ni watu 516. Mtu wa mwisho kuuawa na serikali ya Papa aliuawa Julai 1870, wiki chache kabla Roma haijachukuliwa. Vatikano ilipozaliwa 1929, sheria yake iliweka adhabu ya kifo kwa atakayejaribu kumuua Papa. Haikutumika hata mara moja, na Paulo VI aliifuta 1969.

Lakini kuna mto mwingine unaopita chini ya ardhi. Lactantius, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya 4, alifundisha kwamba kumuua mtu ni haramu daima, hata kwa mkono wa sheria. Mtakatifu Agostino alimwandikia afisa Marcellinus kuwaombea wauaji wa padre wake wasiuawe. Fikiri hilo: aliyeuawa alikuwa mtu wake. Papa Nikolai I, mwaka 866, aliwasihi Wabulgaria waliokuwa wamebatizwa karibuni wawaokoe watu na kifo.

Kwa hiyo Mtumishi77 akisema mapokeo yalikubali, ni kweli. Ila tusiseme ni sauti moja iliyogeuka ghafla 2018. Zilikuwa mbili, na moja ilisikika zaidi kwa sababu ilikuwa na serikali mkononi.

#6 Mtumishi77

Mzee, shikamoo. Agostino aliomba huruma. Anayeomba huruma amekwisha kiri kwamba hakimu ana haki ya kuua. Kama hana haki hiyo, unaomba nini? Na Agostino huyohuyo mahali pengine alikubali kwamba anayeua kwa amri ya sheria ya haki havunji amri ya tano. Hata barua unayoitaja ni ushahidi wangu.

#7 Mzee wa Kumbukumbu

Marahaba mwanangu. Hapo umenishika kidogo, sikatai. Lactantius lakini huwezi kumchukua.

#8 Wakili wa Kijiweni

Nasoma maandishi kama ninavyosoma hati za mahakama, mniwie radhi.

Neno la 2018 ni "haikubaliki". Halikusema "ovu kwa asili yake", na Kanisa lina msamiati huo, linautumia kwa mambo mengine bila kigugumizi. Halafu tazameni sababu zilizotolewa. Ya kwanza: mtu hapotezi hadhi yake hata baada ya uhalifu mkubwa. Ya pili: umezaliwa uelewa mpya wa maana ya adhabu za serikali. Ya tatu: magereza ya leo yanaweza kuwalinda raia bila kumfungia mkosaji mlango wa kujirekebisha.

Sababu ya tatu inategemea hali. Magereza yakivunjika, hoja inavunjika nayo? Kama jibu ni ndiyo, basi Kanisa limetoa uamuzi wa busara kwa nyakati hizi, na babu alikuwa sawa katika nyakati zake. Kama jibu ni hapana, kwamba sababu ya kwanza inatosha peke yake, basi ilitosha pia karne ya 13, na Mtumishi77 ana kesi. Mwandishi wa maandishi yale ameziweka zote tatu pamoja, na naamini alijua anachofanya.

#9 Frateri Mnyenyekevu

Wakili, soma pia Dignitas Infinita, hati ya Vatikano ya Aprili 2024. Namba 34 inasema adhabu ya kifo inavunja hadhi ya kila mtu isiyoondoleka, bila kujali mazingira. Kwa hayo maneno "bila kujali mazingira", magereza yako yametoka nje ya mlango.

#10 Wakili wa Kijiweni

Nimeisoma. Basi jibu ni la pili, na kesi ya Mtumishi77 inasimama. Papa Pio XII mwaka 1952 alisema aliyehukumiwa kifo amejivua mwenyewe haki ya kuishi kwa kosa lake. Thoma wa Akwino alisema mtu anapotenda dhambi anaporomoka kutoka hadhi yake ya kibinadamu. Leo tunaambiwa haiporomoki. Frateri, hayo mawili yakae wapi katika chumba kimoja?

#11 Frateri Mnyenyekevu

Yanakaa kwa kutenganisha maana za neno. Hati hiyohiyo ya 2024 inataja hadhi za namna nne: ya asili, ya kimaadili, ya kijamii, na ile ya hali ya maisha. Muuaji ameiharibu ya kimaadili, na hiyo ndiyo Thoma aliyoiona ikiporomoka. Ya asili, ile ya kuumbwa kwa sura ya Mungu, hakuipewa na mahakama wala hakujipa mwenyewe, kwa hiyo hana namna ya kuivua.

Na angalia Mwanzo 9:6 hadi mwisho: "kwa maana kwa mfano wa Mungu alimfanya mtu." Sababu inayotolewa ya kulipiza damu ndiyo hiyo hiyo inayomfunika muuaji. Naye kaumbwa kwa mfano huo. Kanisa limechukua karne nyingi kuusoma mstari wote.

#12 Mtumishi77

Frateri, hapo umeongea vizuri, ila Thoma hakutenganisha hivyo. Alihitimisha kwamba kwa sababu hadhi imeporomoka, inaruhusiwa kumuua. Wewe unamkubalia mguu mmoja na kumkata wa pili. Na wa Pio XII hujamgusa.

#13 Mkristo Jirani

Salamu kutoka ng'ambo ya pili ya madhehebu. Nauliza kwa heshima kabisa. Riba mliifundisha kuwa dhambi. Leo Mkatoliki anaweka fedha benki, anapata faida na kupokea Komunyo. Utumwa je? Kama hayo yalisogea na hili limesogea, mwumini wa kawaida anajuaje lipi halitasogea? Nadhani ndilo swali la yule kijana.

#14 Mzee wa Kumbukumbu

Jirani karibu, swali lako ni la haki.

Riba: Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Tatu wa Laterani, 1179, uliwanyima wakopeshaji wa riba wanaojulikana wazi Komunyo na maziko ya Kikristo. Mtaguso wa Vienne, 1311 hadi 1312, ukasema anayeshikilia kwamba riba si dhambi aadhibiwe kama mzushi. Papa Benedikto XIV akarudia katazo mwaka 1745 katika waraka wa Vix Pervenit, ila humo humo akakubali kwamba mkopeshaji anaweza kuwa na sababu za haki nje ya mkopo wenyewe, kama hasara anayopata. Wanaotetea mwendelezo wanasema dhambi ni ileile, kumnyonya mwenye shida, ila fedha ndiyo iliyobadilika: zamani ilikuwa ya kutumika na kuisha, sasa inazaa. Mimi nusu nakubali. Nusu nyingine inaniambia mitaguso ile haikuwa na wasiwasi wa namna hiyo ilipoandika.

Utumwa ni mchungu zaidi. Papa Nikolai V, mwaka 1452, alimruhusu mfalme wa Ureno kuwatia watu katika utumwa wa kudumu. Paulo III, 1537, akakataza kuwafanya watumwa wenyeji wa Amerika. Gregori XVI akalaani biashara hiyo 1839. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1965, ukauweka utumwa katika orodha moja na mauaji ya kimbari. Na 30 Machi 2023 Vatikano ikatamka kwamba hati zile za karne ya 15 hazikupata kuwa mafundisho ya imani. Kwangu mimi tamko hilo lilikuwa la lazima. Lakini watu waliofungwa minyororo hawakuuliza kama hati ni ya imani au ya siasa.

#15 Binti Sayuni

Mzee, sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara tatu.

Mimi si msomi, ila namkumbuka Mtakatifu Maria Goretti. Alessandro Serenelli alimchoma visu 1902, binti ana miaka 11. Maria akamsamehe kabla ya kukata roho. Muuaji alikaa gerezani mgumu wa moyo, hatimaye akaota Maria akimpa maua, akatubu. Angenyongwa mapema, toba ile tusingeiona. Hiyo ndiyo hoja yangu yote.

#16 Mzee wa Kumbukumbu

Binti, hadithi ni ya kweli, ila asingenyongwa. Italia ilikuwa imeshaifuta adhabu ya kifo katika sheria yake ya jinai ya 1889. Alihukumiwa miaka 30 kwa sababu hakuwa ametimiza umri wa utu uzima wa kisheria. Vinginevyo angepewa kifungo cha maisha. Alikaa miaka 27. Alipotoka alikwenda kumpigia magoti mama yake Maria, na mama akasema kama mwanangu amekusamehe, nami nitakunyimaje. Wakaenda Misa pamoja. Alifariki 1970.

#17 Mtumishi77

Nami nina wangu. Jacques Fesch, kijana Mfaransa aliyemuua askari polisi. Alikufa kwa gilotini 1 Oktoba 1957 akiwa na miaka 27, akiwa ameongoka kiasi kwamba mchakato wa kumtangaza mwenyeheri umefunguliwa. Na Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, akiwa binti wa miaka 14, alimwombea muuaji Pranzini. Mwaka 1887 jamaa akaushika msalaba na kuubusu dakika ya mwisho kabla ya kukatwa kichwa. Thoma alishasema: kifo kinachojulikana saa yake kinamwamsha mtu, na asiyeamshwa na hicho hataamshwa na miaka mingi. Sijui kwa nini hoja hii siku hizi inaonwa ya kikatili. Inahusu wokovu wa roho.

#18 Mtembelea Gereza

Nimekuwa msomaji tu, ila hapa lazima niandike.

Mtumishi77, Fesch alikamatwa 1954 na akaongoka 1955. Hukumu ya kifo ilitolewa 1957. Gilotini haikumgeuza, ilimkuta amegeuka.

Nawatembelea wafungwa huu mwaka wa 11, wakiwemo waliohukumiwa kufa. Mmoja alimfundisha mwenzake kusoma kwa kutumia kitabu cha Misa tulichowaachia, herufi kwa herufi, mpaka mwenzake akasoma somo la kwanza mbele yetu. Huyo mwalimu, funguo zikilia saa isiyo ya kawaida, anaacha kuongea katikati ya neno. Hata kama mlinzi anapita tu. Anasubiri hatua zipite, kisha anaendelea pale pale alipokatia. Amefanya hivyo miaka yote niliyomjua. Ukiniuliza hadhi ya mtu inashambuliwaje, sitasubiri siku ya kunyongwa ifike ndipo nikujibu.

Nisifiche na jingine. Yupo ninayemjua ambaye hajajuta hata chembe. Anacheka akisimulia. Namtembelea pia. Kama hoja yetu inasimama juu ya toba tu, basi kwa huyo imeanguka. Lazima isimame juu ya kitu ambacho hata yeye anacho.

#19 Mtumishi77

Asante kwa sahihisho la tarehe. Ila Fesch alikuwa ameua polisi, alijua tangu siku ya kwanza kinachomsubiri. Hilo la funguo sina la kujibu. Nimelisoma na kukaa kimya.

#20 Mama wa Watatu

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mdogo wangu aliuawa. Sitaeleza namna. Aliyefanya anajulikana, alihukumiwa, yupo ndani.

Nimeisoma hiyo 2267 yenu mara nyingi kuliko katekista yeyote humu. Raia wamo, wanalindwa. Mkosaji yumo, ana hadhi na nafasi ya kujirekebisha. Sisi ndugu wa marehemu hatumo. Neno moja halimo. Kila padre anayehubiri juu ya jambo hili anaanza na muuaji na kumalizia na muuaji. Kuna vikundi vya kumtembelea aliyemuua mdogo wangu, na nimefurahi kwa ajili ya Mtembelea Gereza, kweli nimefurahi. Kwetu walikuja siku ya maziko, wakaja ya arobaini, basi.

Msidhani nataka anyongwe. Nilitaka, kwa miaka minne hivi. Sasa sitaki, na sijui lini ilibadilika. Lakini nikisali Baba Yetu hufika "utusamehe makosa yetu" nikaruka hadi "usitutie katika kishawishi". Kile kipande cha katikati kinanikwama kooni. Nilimwambia muungamishi, akaniambia nisiogope, niendelee kuruka na nimwonyeshe Mungu mahali ninaporuka.

Nawaomba mnapofundisha, mtufundishe na sisi.

#21 Binti Sayuni

Pole sana, Mama. Nakuombea leo.

#22 Mtembelea Gereza

Mama, umesema kweli na inaniuma. Katika kikundi chetu hatujawahi kugonga mlango wa familia ya aliyeuawa. Hata mara moja. Nitalileta kwenye kikao chetu kama lilivyo.

#23 Frateri Mnyenyekevu

Mama, shikamoo. Nilianza kukuandikia jibu la kitabu, nikalifuta. Nibakize hili tu kutoka Fratelli Tutti, waraka wa Papa Fransisko, namba 241: kusamehe hakumtaki aliyedhulumiwa aache haki yake, anayo haki, hata wajibu, wa kuitetea yeye na familia yake. Hakuna anayeruhusiwa kukuharakisha.

#24 Fundi Yosefu

Wakuu, nitoke kidogo nje ya reli, mtanivumilia.

Uzi una kurasa kwa namba moja iliyobadilika. Naomba niwaonyeshe ambayo haikubadilika. Katekisimu namba 1867 inataja dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Ya kwanza ni damu ya Abeli. Katika orodha hiyohiyo kuna dhuluma kwa mfanyakazi wa mshahara. Yakobo 5:4, ujira uliozuiwa unapiga kelele. Papa Leo XIII aliandika waraka wa Rerum Novarum 15 Mei 1891, akasema makubaliano ya mkataba hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Usipomtosha mfanyakazi mwenye kiasi kuishi, ni dhuluma hata kama ametia saini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Gaudium et Spes namba 27, umeyaweka mazingira ya kazi ya kudhalilisha katika orodha moja na kuua na utumwa, hiyo aliyoitaja Mzee.

Mwajiri wangu wa zamani alikuwa kiongozi wa kamati parokiani. Miezi mitatu hakutulipa, watu sita, na kila Jumapili alipokea Komunyo mbele yetu. Mwenzetu mmoja alikwenda kwa paroko. Akaambiwa hayo ni mambo ya ofisini. Yule mwenzetu hasali tena, na hakuacha kwa sababu Papa alibadili namba 2267.

Katekista, kijana wako akishabatizwa, hatatikiswa na Inosenti III. Atatikiswa na mambo kama hayo.

#25 Wakili wa Kijiweni

Fundi, hoja nzito, lakini kosa la kulitekeleza fundisho na kosa la fundisho lenyewe ni mashauri mawili. Kijana aliuliza la pili. Usituchanganyie mafaili.

#26 Fundi Yosefu

Kwenye mafaili yako ni mawili. Kwenye moyo wa mwenzangu lilikuwa moja.

#27 Katekista wa Jioni

Wakili, mwache Fundi aendelee, uzi ni wangu na nimempa ruhusa.

#28 Mtumishi77

Na mimi nitoke nje ya reli basi. Mwaka 2004 Kardinali Ratzinger, kabla hajawa Papa, aliandika kwamba Wakatoliki wanaweza kihalali kutofautiana juu ya vita na adhabu ya kifo, lakini si juu ya utoaji mimba na eutanasia. Hofu yangu ndiyo hiyo. Tukiyaweka yote sufuria moja, mtoto asiye na hatia anapewa uzito sawa na muuaji. Siwezi.

#29 Mtembelea Gereza

Kardinali Bernardin alianza kulizungumzia hilo 1983: uhai ni vazi moja lisilo na mshono, ukivuta uzi hapa unafumuka kule. Hakusema makosa yote ni sawa. Mtoto hana hatia, muuaji anayo, tofauti ni kubwa. Lakini nikisema uhai wa binadamu una thamani kwa sababu hana hatia, nimeshaufungia kwenye sharti. Kesho mwingine ataleta sharti lake: ana akili timamu, ana afya, anahitajika. Wagonjwa walio mahututi ndio watakaofuata.

#30 Mkristo Jirani

Hapo Mtembelea amenipata, na mimi nilikuja nikiwa upande wa upanga wa Warumi 13. Nitakwenda kufikiri.

#31 Binti Sayuni

Na kifungo cha maisha je? Mzee alisema Serenelli angepewa maisha. Kama mtu anatolewa kitanzi na kupewa ukuta mpaka afe, tumemrudishia nini?

#32 Frateri Mnyenyekevu

Fransisko aliliona: katika Fratelli Tutti namba 268 alikiita kifungo cha maisha adhabu ya kifo iliyofichwa. Vatikano yenyewe ilikiondoa katika sheria zake mwaka 2013. Katekisimu haijaligusa.

#33 Mama wa Watatu

Dada Binti, hapo mimi siwezi kuwafuata. Bado.

#34 Katekista wa Jioni

Nimerudi, darasa lilikuwa jana.

Nilimwambia kijana kwanza kwamba siku ile nilimjibu ovyo, nikamwomba radhi. Kisha nikamweleza matoleo ya 1992, 1997 na 2018. Nikamsomea mfano wa Mtakatifu Vinsenti wa Lérins, wa karne ya 5: imani hukua kama mtoto anavyokuwa mtu mzima, viungo vinakuwa vikubwa, haoti kiungo kigeni. Akauliza, "Na hiki ni kiungo kilichokua au kigeni?" Nikamwambia ukweli: wapo Wakatoliki wenye mapenzi mema wanaobishana hapo hapo, na mimi naamini kimekua, kwa sababu ya ule mstari mzima wa Mwanzo alioutaja Frateri. Nikamwambia pia kwamba babu yake hakudanganywa. Alipewa kitabu kilichokuwa kikimwelekeza mahali kabla hakijafika.

Akanyamaza kidogo. Akasema babu alikuwa askari magereza. Hajawahi kututajia. Babu hakuzungumza kamwe kuhusu miaka ile, ila katika kitabu, pembeni mwa namba 2267, kuna mstari wa penseli ameupiga, bila neno lolote. Hajui babu alikuwa anakubali au anauliza. Akatuonyesha. Tulikipitisha kitabu mkono kwa mkono.

Mama wa Watatu, naomba ruhusa: ulichoandika #20, nikisome darasani bila jina?

#35 Mama wa Watatu

Kisome. Ila usiwaambie kwamba nimesamehe. Waambie nimefika "kama tunavyo".

#36 Mtumishi77

Mama, nimeomba Misa ya Jumamosi iwe kwa nia ya marehemu mdogo wako.

Frateri, Pio XII bado yuko mezani, sijamsahau.